Kiongozi na Hulka Yake: Tunachojifunza kwa Abu Bakar na Umar (r.a.)



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwaka muhula mpya unapoanza madrasa yetu huteua viongozi miongoni mwa wanafunzi. Huteuliwa viranja wa madarasa, amiri wa wavulana, amira wa wasichana, kamati ya usafi, kamati ya mahafali na nahodha wa timu ya mpira. Na kila mwaka, kabla miezi mitatu haijapita, walimu huanza kuletewa mashitaka. Huyu ni mkali mno, wenzake wamemsusa. Yule ni mpole mno, akisema hakuna anayegeuka. Wa tatu hufanya kazi yote peke yake: anafagia, anachota maji, anaandika majina ya waliochelewa, kisha akifika nyumbani anamlalamikia mama yake kwamba wenzake ni wavivu. Wazazi nao hutuuliza: jee, uongozi hufundishwa, au mtu huzaliwa nao?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kijana anayeshindwa kuongoza watu saba barazani ndiye kesho atakayepewa ofisi, duka, darasa, msikiti au nyumba yake mwenyewe. Na uongozi ni amana ambayo mtu ataulizwa. Kwa hiyo tumeona tuandike machache kwa kiasi cha elimu yetu, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita sisi tunaoandika makala haya tulikabidhiwa kamati ya mahafali. Sisi tulilelewa na maalim ambaye akikohoa tu mlangoni, baraza zima lilinyamaza, hata watu wazima waliokuja kwa shida zao. Tulimpenda na tulimuogopa, na tulidhani kwamba hivyo ndivyo kiongozi anavyotakiwa awe. Basi tukaiingia kamati ile kwa kohozi. Tuligawa kazi bila ya kumuuliza mtu. Aliyechelewa dakika tano tulimsimamisha mbele ya wenzake. Kijana mmoja alipoanza kusema neno kuhusu upishi tulimkata: "Wewe fanya ulichoambiwa."

Siku ya mahafali mambo yote yalikwenda vizuri isipokuwa chakula. Wageni walikaa tangu baada ya Adhuhuri, Alasiri ikaingia, pilau halijafika. Wazee wakaanza kuaga mmoja mmoja kwa adabu, na sisi tunajua kuwa wanaondoka na njaa. Tulikwenda nyuma ya jengo tukawakuta vijana wamejaa machozi ya moshi, sufuria zimekaa juu ya mafiga na kuni zinatoa povu. Tukauliza kuna nini. Yule kijana tuliyemkata akasema kwa sauti ya chini, "Ustadh, kuni hizi zilinyeshewa tangu juzi." Tukamuuliza, "Mbona hukusema?" Akatazama chini. Mwenzake ndiye aliyejibu: "Tuliogopa utatugombeza."

Tulirudi nyumbani usiku ule tukiwa na jambo la kufikiri. Maalim wetu alikuwa mkali kweli, lakini kuni zake hazikuwa zikilowa, maana watu walimwambia. Kwa nini walimwambia yeye, sisi wakatuficha? Tulipotafakari tukaona kwamba maalim yule aliishi na watu wale miaka mingi. Alimjua kila mtoto na mama yake, alimtembelea mgonjwa, alimlipia asiyekuwa na ada, na mtoto aliyemchapa asubuhi alimlisha mchana. Ukali wake ulikuwa umekaa juu ya hayo yote. Sisi tuliazima kikohozi, hayo mengine hatukuwa nayo. Na zaidi ya hivyo, kwa hulka sisi si wakali. Tulikuwa tumevaa kanzu ya mtu mwingine, na kila mtu aliona kuwa inatuburuza.

Tangu hapo tumekuwa tukisoma upya habari za Swahaba kwa jicho hili: walikuwaje kama viongozi, kila mmoja kwa hulka yake? Na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa wazee wawili, Abu Bakar Swiddiq na Umar bin Khattab (r.a.).

Hakuna msomaji asiyejua kuwa Abu Bakar alikuwa mpole na Umar alikuwa mkali. Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho akaamrisha Abu Bakar aswalishe watu, Bibi Aisha (r.a.) aliona baba yake hataweza. Alisema kuwa yeye ni mtu wa moyo laini, akisimama mahali pa Mtume atalia na watu hawatasikia kisomo chake. Akapendekeza Umar. Mtume (s.a.w.) akarudia amri yake ile ile, na Abu Bakar akaswalisha. Nyuma ya hapo, baada ya vita vya Badr mwaka wa 2 Hijria (624), walipotekwa makafiri wapatao 70, Mtume (s.a.w.) aliwataka Swahaba ushauri. Abu Bakar akashauri wachukuliwe fidia, kwani ni jamaa na huenda Allah akawaongoa. Umar akashauri wauawe. Watu wawili, dini moja, mapenzi mamoja kwa Mtume, na rai mbali mbali kabisa. Mtume (s.a.w.) hakumtaka yeyote kati yao awe kama mwenzake. Aliwaweka wote wawili karibu naye, mmoja huku na mmoja huku, na akashauriana nao miaka yote.

Sasa tazama yaliyotokea mwaka wa 11 Hijria (632), Mtume (s.a.w.) alipofariki. Umar, yule mkali, ndiye aliyetikisika. Alisimama msikitini akikataa kwamba Mtume amekufa na akiwatisha wanaosema hivyo. Abu Bakar, yule mlizaji, ndiye aliyekuja kwa utulivu, akaingia chumbani, akamfunua uso Mtume na kumbusu, kisha akatoka akawasomea watu aya iliyowakumbusha kwamba Muhammad ni Mtume tu na kabla yake wamepita Mitume wengine. Umar mwenyewe akasimulia kwamba aliposikia aya ile miguu haikumbeba tena.

Na baada ya kushika ukhalifa, mpole yule akawa mwamba. Makabila kadhaa yaliikataa zaka. Umar alikwenda kumuuliza vipi atawapiga vita watu wanaosema La ilaha illa Allah. Abu Bakar akajibu kwamba atampiga vita yeyote anayetenganisha baina ya swala na zaka, hata kama watamzuilia kitu kidogo walichokuwa wakimpa Mtume. Umar akakubali baadaye kuwa hiyo ndiyo haki.

Tunaomba mwanafunzi aliye mpole asome kisa hicho mara mbili. Wapo wanaodhani kwamba mpole hawezi kuongoza mpaka abadilike awe mkali, ajifunze kukunja uso na kupaza sauti. Abu Bakar hakubadilika kwa watu. Inapokewa kwamba aliendelea kuwakamulia majirani zake mbuzi wao kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuwa khalifa. Ugumu wake aliuweka katika jambo lenyewe, palipokuwa na haki isiyoweza kupunguzwa. Hiyo ndiyo tofauti ambayo vijana wetu wengi hawaioni. Amiri mpole anaweza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fedha za michango zitaandikwa daftarini leo kabla ya Magharibi," na asirudi nyuma, hata akiombwa na rafiki yake. Na amiri mkali anaweza kupiga kelele siku nzima juu ya vikombe na mikeka, kisha daftari la fedha lisiwepo.

Tuje kwa Umar. Abu Bakar alipougua mwaka wa 13 Hijria (634) akataka kumuachia Umar uongozi, aliwauliza wakubwa wa Swahaba. Wanahistoria wamepokea kwamba Abdurrahman bin Auf (r.a.) alimsifu Umar, ila akataja kuwa ana ukali. Jawabu la Abu Bakar linastahiki kufikiriwa na kila anayefanya kazi na wenzake. Alieleza kwamba Umar ni mkali kwa sababu anamuona yeye Abu Bakar ni laini, na lau jambo lingekuwa mikononi mwake angeuacha mwingi wa ukali wake.

Maana yake ni nini? Ni kwamba tabia ya mtu ndani ya kundi haitoki kwake peke yake, inategemea pia nani amekaa pembeni yake. Ikiwa mwenyekiti ni laini, katibu hujikaza. Mwenyekiti akiwa moto, wenzake huwa maji, au huwa bubu kama vijana wetu wa kuni. Kwa hiyo unapomuona mwenzako katika kamati ana ubishi usiokwisha, kabla ya kumlaumu jiulize ni pengo gani ulilomuachia ambalo analiziba.

Na ikawa kama Abu Bakar alivyosema. Inapokewa kwamba Umar alipotawala alimuomba Allah amlainishe kwa kuwa yeye ni mkali, na amtie nguvu kwa kuwa yeye ni dhaifu. Alitawala miaka kumi na miezi, mpaka mwaka wa 23 Hijria (644). Ni huyu Umar anayesimuliwa na mtumishi wake Aslam kwamba alibeba unga mgongoni usiku kumpelekea mama aliyekuwa akiwadanganya watoto wake kwa chungu cha maji, na akakataa kubebewa. Ukali haukumtoka, alibaki Umar. Lakini aliujua, akaukiri, na akautafutia dawa.

Dawa hiyo aliitafuta pia katika watu aliowateua, na hapa ndipo penye fundisho kubwa. Abu Bakar alimtumia Khalid bin Walid (r.a.) kama amiri wake wa jeshi, mtu shujaa na mkali. Umar aliposhika hatamu alimuondoa Khalid katika uamiri wa Shamu akamuweka Abu Ubayda bin Jarrah (r.a.), mtu mpole na mtulivu. Zimetajwa sababu mbali mbali, mojawapo ikiwa ni kuwa Umar alichelea watu waone ushindi unatoka kwa Khalid badala ya Allah. Lakini mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka wa 728 Hijria (1328), aliliangalia jambo hili kwa upande mwingine katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya. Anasema kwamba kiongozi mkubwa akiwa mpole inafaa naibu wake awe mkali, na akiwa mkali inafaa naibu wake awe mpole, ili mambo yawe sawa. Abu Bakar mpole akamchukua Khalid, Umar mkali akamchukua Abu Ubayda.

Ewe mwanafunzi, hebu tazama wewe umemchagua nani awe msaidizi wako. Tukikuacha uchague mwenyewe, utamchagua rafiki yako anayecheka unapocheka. Mkimya huchagua mkimya mwenzake, wakakaa wote wawili kimya huku darasa likivurugika. Mwenye haraka humchagua mwenye haraka, wakaanza mambo kumi na wasimalize hata moja. Mwaka mmoja wasichana walituletea majina ya viongozi wao, amira mwenye maneno mazuri na ulimi mwepesi, na naibu wake binti asiyesema sana ila asiyesahau kitu. Tuliuliza vipi wamewapata hawa wawili, wakasema, "Yule anatuamsha, huyu anatukumbusha." Hatukuwa na la kuongeza.

Lakini ili umchague asiyefanana nawe, lazima kwanza ujue wewe ni nani, na hapa wengi hujidanganya. Sote tunajiona wapole. Kipimo ambacho sisi hukitumia ni hiki: tazama unavyofanya ndoo ya maji inapomwagika. Mambo yakiwa sawa kila mtu ni mpole. Mtoto mdogo akiangusha ndoo uliyoisubiri bombani nusu saa, neno la kwanza linalokutoka ndilo hulka yako. Wapo wanaofoka, wapo wanaonyamaza na kununa mpaka kesho, wapo wanaochukua ndoo wenyewe na kurudi bombani bila kusema kitu (hawa ndio wale wanaofagia baraza peke yao kisha wakalia kwa mama). Ukitaka uhakika muulize mdogo wako wa kuzaliwa naye. Yeye anakujua kuliko walimu wako wote.

Na huenda ukagundua kuwa kazi fulani si yako. Hilo si aibu. Abu Dharr (r.a.), mmoja wa waliotangulia katika Uislamu na msema kweli aliyesifiwa na Mtume (s.a.w.), aliambiwa na Mtume mwenyewe kuwa anamuona ni dhaifu, basi asiwe amiri hata juu ya watu wawili, wala asisimamie mali ya yatima. Aliambiwa hivyo kwa mapenzi, kwani Mtume alimwambia pia kuwa anampendelea anayoyapenda kwa nafsi yake. Wazazi wanaotujia na kununa kwa sababu mtoto wao hakufanywa kiranja wakumbuke kisa hicho.

Kadhalika mwenye fikra njema si lazima awe ndiye mtekelezaji. Abdullah bin Zayd (r.a.) ndiye aliyeota maneno ya adhana. Mtume (s.a.w.) alimwambia amfundishe Bilal (r.a.) ili Bilal ndiye aadhini, kwa kuwa sauti yake ilikuwa bora zaidi. Tumeona kamati zikivunjika kwa jambo dogo kama hili: fulani alitoa wazo la kuuza juisi, kwa nini amepewa fulani kuuza? Wazo ni la kamati likishakubaliwa, na kazi apewe mwenye sauti yake.

Ukishamteua mtu, muachie. Abu Bakar alilipeleka jeshi la Usama bin Zayd (r.a.), kijana wa karibu miaka 20 aliyekuwa ameteuliwa na Mtume (s.a.w.) kabla ya kufariki, ilhali wakubwa walinong'ona kuhusu udogo wake. Khalifa alitoka kumsindikiza kwa miguu, Usama yuko juu ya mnyama wake. Usama akasema ama wewe upande ama mimi nishuke, Abu Bakar akakataa yote mawili. Kisha akamuomba Usama ruhusa: kama ataona vyema, amuachie Umar abaki Madina amsaidie. Tafakari, ndugu msomaji. Khalifa wa Waislamu anamuomba kijana ruhusa, kwa sababu Umar yumo katika jeshi la kijana yule, na amiri wa jeshi ni yeye. Angeweza kumwita Umar tu. Angefanya hivyo, jeshi zima lingeona kuwa Usama ni amiri wa jina. Sisi walimu tuna kosa hili. Tunamteua amiri asubuhi, na mchana tunawatuma watu wake sokoni bila ya kumwambia. Tunakiri.

Yamebaki mambo ya mashauri, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu neno "shura" limekuwa likitajwa sana na kutumika vibaya. Wengine wanadhani ni kuitisha kikao, kusoma ulichokwisha amua, kisha kuuliza, "Kuna mwenye swali?" Katika zama za tauni ya Amwas, tauni iliyomuua Abu Ubayda mwaka wa 18 Hijria (639), Umar alikuwa njiani kwenda Shamu. Alipofika Sargh maamiri wakamwambia kuwa maradhi yameingia. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawaambia waondoke, akawaita Ansari, wakakhitilafiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa ufunguzi wa Makka, hao wakakubaliana kwamba arudi na watu. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda, amiri wake mpenzi, akampinga waziwazi akiuliza kama wanaikimbia kadari ya Allah. Umar hakumnyamazisha kwa cheo. Alisikitika kuwa neno lile limetoka kwa mtu kama yeye, kisha akamjibu kwa hoja: wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah, na akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote atakapowalisha ni kwa kadari ya Allah. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo, akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta mkiwa humo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi.

Angalia mpangilio wake. Aliyaita makundi moja baada ya jingine, wala hakuwachanganya wote, maana mbele ya wakubwa wadogo hunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema lake. Na alipoamua, aliamua. Ni Umar huyu huyu aliyekuwa akimuingiza kijana Ibn Abbas (r.a.) katika baraza la wazee wa Badr, mpaka baadhi wakauliza kwa nini, nao wana watoto wa umri wake. Akawauliza wote maana ya Suratun Nasr, na jawabu la kijana likawaonyesha sababu. Na tusisahau kwamba katika mwaka wa Hudaybiya, 6 Hijria (628), Swahaba walipositasita kunyoa na kuchinja kwa huzuni ya kuzuiwa Umra, aliyempa Mtume (s.a.w.) shauri lililotatua jambo lile ni mkewe, Ummu Salama (r.a.): atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe mwenyewe. Akafanya, na watu wote wakafuata.

Jee, mashauri yakileta hasara? Kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Mtume (s.a.w.) aliwashauri Swahaba, na wengi, hasa vijana, wakataka kutoka nje ya Madina, ingawa yeye alielekea kubaki ndani. Akawafuata. Kisha wapiga mishale 50 walioamrishwa wasiondoke kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), wengi wao wakaondoka, na Waislamu wakapata msiba tunaoujua. Mtu angetegemea kuwa baada ya hapo mlango wa mashauri ungefungwa. Aya iliyoteremka katika Surat Aal Imran, ya 159, imemuamrisha Mtume awasamehe, awaombee msamaha, na aendelee kushauriana nao. Sisi tulipokuwa wanafunzi tuliihifadhi aya hiyo bila ya kujua imekuja baada ya nini.

Na ukimsahihisha mwenzako, mfichie uso wake. Ilikuwa desturi ya Mtume (s.a.w.) akifikiwa na habari ya kosa la mtu, aseme wana nini watu wanaofanya hivi na hivi, bila ya kumtaja jina. Siku hizi wapo viongozi wa kamati wanaomgombeza mtu kwa jina katika kundi la WhatsApp saa nne za usiku, mbele ya watu hamsini na shangazi zao. Aliyekosea hatajirekebisha, atajitoa katika kundi tu.

Tumalizie habari za mahafali. Mwaka uliofuata tulikabidhiwa tena kamati ile ile, na hatukuelewa kwa nini wazee walitupa. Safari hii tulimtafuta naibu mkali, mwalimu mwenzetu asiyecheka na saa, tukamwambia: wewe shika muda, sisi tutashika watu. Kikao cha kwanza hatukusema lolote mpaka kila mmoja aliposema lake, tukianzia kwa wadogo. Yule kijana wa kuni tulimuomba radhi mbele ya wale wale tuliomkata mbele yao, kisha tukamkabidhi upishi wote, fedha, soko na watu wake. Siku tatu kabla ya mahafali alitujia akasema kwamba anataka kubadilisha mahali pa kununulia mchele. Tulikuwa na rai nyingine. Tukamwambia, "Upishi ni wako."

Aliununua alikotaka yeye. Pilau lilifika saa saba na nusu, mara tu baada ya swala ya Adhuhuri, na kuni zilizobaki alizifunika kwa turubai.

Wabillahi tawfiq.